Kidumu Kisicho na Karatasi

Saa nne asubuhi Mrefu alianguka kati ya mistari ya miwa michanga, bomba la kunyunyizia dawa likiwa bado mgongoni. Siku ya tatu hiyo lilikuwa linamvujia, na shati lilimganda mwilini. Ng'ambo ya barabara, dada yake, mkata miwa ambaye wenzake walimwita Chuma, aliona kichwa cha kaka yake kikizama ghafla. Alitoka mbio, hata panga hakukumbuka kulitupa.

Alimkuta nyapara ameshafika, anamtandika Mrefu mateke ya mbavu.

"Amka, mlevi we! Asubuhi yote hii ushalewa!"

Chuma akapiga magoti. Mate yalimtoka kaka yake bila kukatika, mboni za macho zimesinyaa kama tundu la sindano, mashavu yanachezacheza yenyewe.

"Huyu pombe haijui, nyapara. Ni dawa hii. Tupe trekta tumkimbize zahanati."

"Trekta haitoki bila kibali cha ofisi. Rudi kwenye mstari wako kabla sijakung'oa meno."

Hakuwa na masihara. Chuma alipomshika kaka yake makwapani, fimbo ya nyapara ilimtua mdomoni. Akatema jino na damu. Wakataji wenzake, waliomfuata mbio, walisimama kila mtu anatazama miguu yake. Fimbo ikapanda tena, na safari hii ilikutana na panga.

Vidole viwili vilidondoka kwenye udongo. Nyapara alivitazama kwanza kama vya mtu mwingine, ndipo akapiga ukelele.

"Washa trekta," Chuma alimwambia dereva, aliyekuwa ameegemea gurudumu pembeni ya shamba.

Dereva, ambaye tangu alfajiri alikuwa anaapa betri imekufa, aliiwasha, ikawaka mara moja.

Walimpakia Mrefu kwenye tela. Chuma akavua kitambaa chake cha kichwa, akaufunga mkono wa nyapara mpaka damu ikapungua. "Na wewe panda. Utatibiwa."

Njiani Mrefu alishikwa na degedege. Chuma alimkalia miguu.

"Utaozea jela, mwanamke we," nyapara alisema, meno yakimgongana.

"Nitaoza. Shika kichwa chake kisijigonge."

Nyapara akakishika, kwa mkono uliobaki mzima.

Zahanati ilikuwa na nesi mmoja na benchi lililojaa akina mama wenye watoto. Nesi alimfunua Mrefu macho.

"Alikuwa ananyunyiza nini?"

"Dawa ya magugu. Ndivyo walivyoambiwa."

"Hizi dalili si za dawa ya magugu. Nahitaji jina, nisije nikamuua kwa sindano yangu."

Pale shambani dawa yote ilikuwa kwenye vidumu vya mafuta ya kula, havina karatasi ya jina. Aliyeimimina humo alikuwa nyapara mwenyewe. Chuma akamgeukia. Nyapara akatazama dari.

Chuma akaushika ule mkono uliofungwa, akauminya. Damu ikachuruzika sakafuni, watoto wakaangua kilio, nyapara akapiga magoti. Hakuna aliyenyanyuka kumzuia.

"Ya wadudu!" nyapara akalia. "Ni ya wadudu, ile iliyopigwa marufuku!" Na jina akalitaja, herufi kwa herufi.

Nesi alivunja chupa ya kwanza ya sindano, ya pili, mpaka kabati likabaki tupu. Kufikia saa nane mate yalikuwa yamekauka na kifua kimefunguka. Ataishi, nesi alisema, ila ile mikono haitaacha kutetemeka leo wala kesho.

Polisi wawili walipoingia, Chuma alinyoosha mikono kabla hawajamwuliza kitu.

"Nesi," alisema, maneno yakimponyoka penye pengo, "mwoshe na kichwa. Nywele bado zinanuka ile dawa."

"Nimeshaweka maji, dada."

Walipomtoa, mama mmoja alinyanyuka kutoka kwenye benchi, mtoto mgongoni. Aliwapita polisi kama hawapo, akamfuta Chuma damu ya kidevuni kwa pindo la nguo yake.