Wanaona Miguu Tu

Arsène alianza kucheza besiboli akiwa mtoto wa shule huko Bredäng, mtaa wa Stockholm, Uswidi, na tangu mwanzo alijua anataka kusimama wapi: kati ya kituo cha pili na cha tatu. Mipira mikali hupita hapo ikidunda ovyo, na anayesubiri kuiona ndipo afikiri huwa ameshachelewa. Arsène alifikiri mapema. Akawa hodari, akaitwa Marekani, akalipwa kwa kucheza.

Alidumu huko misimu sita, katika ligi za chini. Kila alipobadilisha timu, kocha mpya alimtazama kutoka kichwani hadi miguuni, akasema, "Una mbio wewe. Nenda nyuma kabisa, ukakimbize mipira." Arsène alibishana nao. Wengine walimwachia, wengine walimweka benchi. Wa mwisho alimwambia achague: nyuma, au arudi kwao. Akarudi.

Klabu moja ya Stockholm ilimpokea. Kocha wake, Axel, alimjua tangu utotoni, naye alimwahidi nafasi yake ya zamani. Ndiyo maana siku ya mechi ya kwanza Arsène alimwalika mama yake, Dorothée, ambaye kwa sababu ya zamu za kazi hakuwa amemwona akicheza tangu akue.

Walipokuwa wakivaa viatu, Axel alimjia. "Leo Filip atacheza pale kati. Wewe nenda nyuma, kushoto."

"Si uliniahidi?"

"Filip ana kichwa cha nafasi ile. Ametulia, anausoma mchezo. Wewe una miguu, Arsène. Ni kipaji hicho, usikitupe."

Damu ilimpanda Arsène. Angeondoka palepale, lakini mama yake alikuwa ameshakaa jukwaani, amejifunga kitenge juu ya koti. Akaenda nyuma.

Mwishoni mwa mechi timu yake iliongoza kwa alama moja, na mpinzani mmoja alikuwa kituo cha tatu, tayari kukimbia kusawazisha. Mpira ulipigwa juu, mbali. Arsène aliukimbilia, akaudaka, akaurusha moja kwa moja hadi kwa mdakaji wa kituo cha mwisho, na yule mkimbiaji akatolewa. Mechi ikaisha. Watu wakapiga kelele, na Axel akaja mbio kumkumbatia.

"Umeona? Nilikwambia! Miguu ile!"

Arsène alimsukuma. "Nilikuwa nimeshasogea kabla mpira haujapigwa. Nilimwona mpigaji akigeuza bega, nikajua utaangukia wapi. Hicho ni kichwa, Axel. Kichwa! Na wewe umeona miguu tu."

"Mbona unaligeuza kuwa jambo la rangi? Nimekusifu."

"Sisi Weusi tumesifiwa hivyo miaka yote. Nimechoka!" Akavua jezi, akaitupa chini, akaondoka.

Ndani ya treni Dorothée alimuuliza, "Juu ya nini unakasirika hivi, papa, mwanangu? Wote walikupigia makofi."

Akamjibu kwa Kiswidi, kwa mkato, kwamba hataelewa.

"Sema Kiswahili. Na usiniambie sitaelewa."

Basi akamweleza. Treni ilipopita kituo cha Liljeholmen, Dorothée alimgeukia.

"Kule Kongo, Uvira, nilikuwa nafundisha hesabu," alisema. "Nilipofika hapa, mwanamke mmoja wa ofisi ya ajira alinishika mkono, akatabasamu. 'Nyinyi Waafrika mna moyo wa upole. Utafaa kwa wazee.' Nikamshukuru! Mpaka leo nawaogesha wazee, na mpaka leo nikimkumbuka yule mama, ninakasirika kama wewe."

"Hukuwahi kusema."

"Ningemwambia nani? Wewe ulikuwa unanyonya."

Dorothée hakumwambia atulie. Alimshika mkono kwa nguvu mpaka ukamuuma.

Wiki iliyofuata Axel alimpigia simu. "Rudi, tutakujaribu pale kati."

"Nitarudi ukiwaambia wenzangu kwa nini ulinitoa."

"Hatukuelewana tu, Arsène."

"Tulielewana vizuri sana," akasema, akakata simu.

Alijiunga na klabu ndogo ya daraja la chini, akacheza mahali pake. Kiangazi hicho walikutana na timu ya Axel katika mechi ya kirafiki, wakashindwa vibaya, ingawa hakuna mpira hata mmoja uliompita Arsène. Baada ya mechi Axel alikuja kumpa mkono. Arsène aliupokea, kwa kuwa ndivyo ilivyo desturi ya mchezo, lakini hakumtazama usoni.