Koti la Hedimasta Ooko

Jumatatu, kabla ya kengele ya gwaride, Hedimasta Simeon Ooko aliingia ofisini kwake katika Shule ya Msingi Nyamkendo, akavua koti lake la kahawia, akalitundika kwenye mgongo wa kiti, akafungua dirisha ili kila anayepita alione. Kisha akapanda bodaboda akaenda Ahero kuangalia mpunga wake. Kazi aliifanya hivyo miaka yote. Mgeni akija, naibu wake, Mwalimu Maximilla, alimwonyesha koti na kumwambia mkuu yupo. Wala hakuona kama anadanganya. Ofisi nyingi alizowahi kuingia zilikuwa na koti la namna hiyo, na watu walilisubiri kwa heshima.

Shida ya Maximilla ilikuwa Gredi ya Sita. Kwenye ratiba, hisabati ya darasa hilo ilikuwa ya Ooko. Mtihani wa taifa ulikuwa unabisha hodi, na watoto hawajafundishwa nusu wala robo. Kipindi kikifika waliandika tarehe, wakaipigia mstari, wakangoja. Kwa tarehe, hakuna shule iliyowaweza. Maximilla angewafundisha mwenyewe, ila tayari alikuwa na madarasa mawili kwa wakati mmoja, akisimama kwenye mlango wa katikati, mguu mmoja huku, mwingine kule.

Jumatatu hiyo, baada ya chai ya saa nne, koti likainuka kitini. Likajikung'uta mabega, likapita mbele ya chumba cha walimu, likaingia Gredi ya Sita. Watoto wakasimama, wakaliamkia, wakaketi. Koti likashika chaki kwa ncha ya mkono wa kulia, likachora chapati ubaoni, likaikata vipande vinne. Kwa kuwa halikuwa na mdomo, halikumtukana mtu. Mtoto akikosea, liligonga dawati lake polepole kwa kifungo, likamchorea chapati nyingine.

Maximilla aliliona kupitia dirishani. Akafurahi kwamba sasa ratiba inasema kweli.

Kufikia katikati ya muhula, koti ndilo lililokuwa likiendesha shule. Asubuhi lilisimama langoni, na walimu waliozoea kuchelewa wakaanza kukimbia toka barabarani, maana utalielezaje koti kwamba ulikuwa na matanga? Halina masikio. Vyoo vikaoshwa. Uji ukatiwa sukari. Jioni Ooko alirudi akalivaa, akaenda nalo nyumbani, na mkewe aliponusa jasho kwenye kola akamsifu kwa bidii.

Wazazi walipokutana, Ooko alihudhuria mwenyewe kwa sababu kulikuwa na kuku. Alikaa na shati tu, koti likiwa kwenye kiti cha pili. Mwenyekiti wa wazazi, Mama Rahab, mtu wa Murang'a anayeuza mitumba pale Otonglo, alisimama akalipapasa kola, akageuza bitana akaitazama.

"Hii ni kamera," akasema. Kwa wauza mitumba, kamera ni nguo inayotoka kwanza mtumba ukifunguliwa, kabla mikono ya watu haijaichafua. "Na wewe, Bwana Ooko, wewe ni ile inabaki chini tukikunja turubai."

Wazazi wakacheka, Ooko naye akacheka. "Mama Rahab, koti ni langu. Likifundisha, ni mimi nimefundisha."

"Sawa. Chapati moja, ukitoa robo, inabaki nini?"

Ooko akafikiria sana. "Inategemea wageni ni wangapi," akajibu, na wazazi kadhaa wakanong'onezana kwamba hilo kweli ni jibu la kiongozi.

Maximilla akaomba jambo moja tu: mkuu aendelee na mpunga wake kwa amani, ila awaachie koti mpaka watoto wafanye mtihani. Ooko akakubali upesi, kuku asipoe.

Sifa zikafika kwa wakubwa wa elimu, wakamtuma afisa mmoja, Bwana Shitanda. Alikagua madarasa, akaonja uji, akashikana mkono na koti. Halafu akatangaza kwamba koti limepandishwa cheo na litahamia mjini wiki hiyohiyo.

"Mwalimu mzuri hivi hawezi kuachwa darasani," alieleza. "Ataharibikia huko."

"Na Gredi ya Sita, Bwana Afisa?" Maximilla akauliza. "Ndio wamefika robo tatu."

"Robo tatu si mbaya, mwalimu. Shule zingine hazijafika nusu."

Koti likaondoka likiwa limekunjwa vizuri kwenye kiti cha nyuma cha gari la afisa. Mjini lilipewa kiti kizuri karibu na dirisha, na mpaka leo halijainuka.

Shuleni, Ooko alitundika tai yake kwenye kiti cha ofisini, akaenda kuvuna. Tai ikalala.

Maximilla naye akavua sweta lake la asubuhi za mvua, akaliweka kwenye meza ya Gredi ya Sita, akaliomba lijaribu. Lilikuwa sweta la kufumwa, halikupitia chuo chochote, lakini lilijikokota hadi ubaoni. Akiwa kwenye mlango wake wa katikati, Maximilla alisikia chaki ikikwaruza, ikikwama, ikianguka sakafuni. Kisha akasikia mtoto akiinama kuiokota.

"Pole, mwalimu," mtoto akaliambia sweta. "Hata sisi hapo hatujui."