Chumvi Kutoka Polandi

Ngari wa Kibomet alikuwa na ugonjwa wa mawe. Hayo ni maneno ya mkewe, Waruguru, si yangu. Miaka yote aliyofanya kazi posta hapo Kitale, wenzake walipokuwa wakitafuta mashamba kule Kiminini, yeye alikuwa akitafuta mawe. Si ya kujengea, ni ya kutazama tu. Aliwaandikia watu asiowajua huko Moroko, Brazili na Polandi, akawatumia mawe meupe ya mapango ya Mlima Elgon, nao wakamtumia ya kwao, yenye pembe zilizonyooka kana kwamba fundi amezipiga randa. Aliyapanga sebuleni katika trei za mayai, kila jiwe na shimo lake, na sheria ilikuwa moja: asiguse mtu. Hata vumbi alilipangusa mwenyewe kwa brashi ya rangi.

Sasa, Jumamosi moja ya Januari, wageni wakaja kutoka Bungoma. Mary Ann, binti yake wa pekee, alikuwa amempata kijana aitwaye Wangila, na watu wa Wangila walikuja kujulishana kabla ya mambo ya mahari kuanza. Kijana hakuwa na baba. Aliyeongoza msafara alikuwa ami yake, Mzee Wakhungu, aliyemlea tangu utotoni. Alikuwa mtu mfupi, mcheshi, maisha yake yote ni ng'ombe na mahindi. Kuku walichinjwa, maana utamkaribishaje mtu wa Bungoma bila kuku, na watu wakala wakashiba.

Baada ya kula, furaha ikamzidi Ngari, akaivunja sheria yake mwenyewe. Akazishusha trei. Akafungua hata ile chupa ya jemu alimofukia jiwe lake la moyoni ndani ya mchele mkavu ili lisipate unyevu: pande moja la mraba kutoka Polandi, jeupe kama barafu, na ndani yake rangi ya buluu kama wino uliodondoka majini. Jiwe likapita mkono kwa mkono, na vidole bado vinang'aa mafuta ya kuku. Lilipomfikia Mzee Wakhungu, alilipindua, akalinusa, kisha akalilamba.

"Baba Mary Ann, hii si ni chumvi?"

"Ni chumvi, ndiyo. Imechimbwa chini kabisa ya ardhi," Ngari akasema, akijizuia asimnyang'anye.

"Ng'ombe wangu akipata hii, ataongeza maziwa bana."

Watu wakacheka. Ngari naye akacheka, ingawa kwa midomo tu. Mara dereva akaanza kupiga honi, giza lisiwakute njiani, ikawa ni kuagana huku na huku. Ngari akapanda gari lao kuwasindikiza, na adabu ikamfikisha hadi Kiminini. Aliporudi alikuwa amechoka, akaenda moja kwa moja kulala.

Jumapili, baada ya kanisa, alikaa na trei zake. Shimo moja lilikuwa tupu, lile alilolitengea jiwe la Polandi, na chupa ya jemu haikuwa na kitu ila mchele.

"Nani amegusa mawe yangu?" akauliza.

"Nani aguse?" Waruguru akajibu kutoka jikoni. "Hakuna." Alijibu upesi kidogo, lakini siku hiyo Ngari hakuwa na masikio ya kusikia hilo.

Alitafuta chini ya viti. Alivua mito foronya. Aliumwaga mchele kwenye sinia akauchambua punje kwa punje, hadi Waruguru akamuuliza kama ndiye anayepika leo. Jiwe halikuwapo. Kichwa kikaanza kumzunguka. Mtu amekula kwako, ameomba na wewe, utamdhaniaje? Lakini huyo mtu alililamba. Lakini alikuwa anatania. Lakini alitaja ng'ombe. Ngari alizunguka na hizo lakini zake usiku kucha, na asubuhi hakujua ni ipi iliyomshika mkono, ila alijikuta yuko njiani kwenda Bungoma.

Baba wa msichana haendi kwa wakwe hivihivi, bila kualikwa wala kufuatana na mtu. Ngari alilijua hilo, na bado akaenda. Phelista, mkewe Wakhungu, alimpokea kwa mshangao mwingi na chai, na Wakhungu akatoka kwenda kumtafutia kuku wa kufungiwa abebe nyumbani. Hapo ndipo Ngari akajinyoosha, eti anaangalia ng'ombe. Ndani ya hori aliona donge jeupe. Akainama, akaliokota, akalisugua kwa kidole gumba, akalipeleka ulimini.

Ilikuwa chumvi ya kawaida ya ng'ombe, ya kununua dukani, ya mviringo, na tundu katikati.

"Unatafuta nini kwa ng'ombe wangu, Baba Mary Ann?"

Wakhungu alikuwa amesimama nyuma yake na jogoo kwapani. Ngari alitamani aseme chochote, hata kwamba ana njaa. "Ni lile jiwe," akasema. "Halionekani."

Ule ucheshi ukamtoka Wakhungu usoni. "Ati unasema ni mimi nililibeba."

"Sijasema hivyo."

"Umelamba."

Akamsindikiza hadi barabarani na jogoo akampa. Ngari alirudi Kitale na jogoo magotini, akiona aibu mbele ya ndege.

Kesho yake jioni Mary Ann akaja kusimama mbele yake, macho mekundu. Wangila alikuwa amepiga simu. Ukoo ulikuwa umekaa, umekasirika, umesema mahari hayaendi popote.

"Baba, uliwaambia ni wezi?"

"Sijui niliwaambia nini," Ngari akasema, na hakuwa anadanganya. Msichana akajifungia chumbani. Ngari alikaa peke yake na mawe yake ya dunia nzima, akayachukia yote. Alimpenda mtoto huyo kuliko chochote kilichowahi kupita posta, na sasa yeye ndiye aliyemharibia.

Alhamisi, kijana wa bodaboda akaleta mzigo kutoka steji, umefungwa kwa gunia na kamba ya katani. Ndani mlikuwa na donge la chumvi ya ng'ombe, jipya, la mviringo, na tundu katikati. Ngari hajamaliza kushangaa, simu ikalia kuonyesha ujumbe wa Mzee Wakhungu: "Baba Mary Ann, jiwe ni mimi nilichukua. Nimerudisha. Nisamehe, vijana waoane."

Akausoma tena na tena. Huyu mtu amekubali kwamba aliiba, halafu anarudisha kitu ambacho hakuiba? Anamdhihaki? Au lile la Polandi kalibakiza, katuma la duka? Kama anakubali, mbona hasemi liko wapi? Hasira na huruma zilimjaa pamoja hadi hakujua ashike ipi. Akalichukua lile donge akaenda kumtupia ng'ombe wao mmoja aliyefugwa nyuma ya nyumba.

Ng'ombe alilinusa mara moja, akaliacha. Akarudi ukutani, karibu na bomba, kwenye kiduara kidogo ambapo nyasi zote zilikuwa zimekauka, akaendelea kuramba udongo.

"Huyu naye amerogwa?" Ngari akasema. "Amepewa donge zima, analamba mchanga."

Waruguru alikuwa anaanika nguo. "Yuko hapo tangu Jumapili," akasema. "Hapo ndipo nilimwaga yale maji."

"Maji gani?"

Mkono wa Waruguru ukabaki juu na kibanio cha nguo. Akaeleza kidogo kidogo. Wageni waliacha mawe yamejaa mafuta ya kuku, yote yamelazwa kwa trei. Aliona aibu ya mafuta, akayaloweka usiku kucha kwa beseni, maji moto na sabuni. Asubuhi akayapanga upya, akaona shimo moja limebaki. Alijua hajavunja kitu, akadhani wageni wameenda nalo. Basi kwa nini aseme aligusa, na sheria anaijua?

Ngari akapiga magoti, akagusa udongo, akapeleka kidole ulimini. Wiki hiyo alikuwa ameramba vitu vingi. Hiki ndicho kilikuwa chake.

Alipiga simu akiwa bado amepiga magoti. "Mzee Wakhungu, jiwe liliyeyuka hapa kwangu, kwa beseni. Wewe hukuiba kitu."

"Najua sikuiba," Wakhungu akasema.

"Sasa kwa nini ulisema?"

"Watu wa ukoo walikuwa wameanza kumtafutia Wangila msichana mwingine huku. Na kijana hali, halali. Nikasimama mbele yao wote nikasema ni mimi. Nikaona heri niitwe mwizi, yeye aoe." Akakohoa. "Jana Phelista ameenda kwa shemeji yake kuazima sufuria, ameambiwa hakuna. Na ameiona iko hapo. Sasa, Baba Mary Ann, niwaambie nini tena? Wataamini lipi?"

"Usiwaambie kitu. Waite tu. Wote waliokusikia. Nakuja kusema mwenyewe."

"Utasema nini?"

"Nitasema nilikupaka matope, na nililamba chumvi ya ng'ombe wako."

Alipoinuka, Waruguru alikuwa amekwisha kujifunga kitambaa kichwani, na lile beseni amelibana kiunoni.

"Hilo la nini?" Ngari akauliza.

"Ni mimi nilikuambia hakuna aliyegusa," akasema. "Wacha nao walione."

Ngari akaenda kuliokota donge la Wakhungu, akalipangusa kwa shati. Mary Ann akafungua mlango wa chumba chake, akawatazama, baba na donge la ng'ombe, mama na beseni, akarudi ndani kutafuta viatu.