Maumivu Yanayorudi Kwao

Mguu wangu wa kushoto uliitwa kutoa ushahidi kabla mimi mwenyewe sijaulizwa. Ulikuwa umenyooshwa juu ya kigoda barazani, umekufa ganzi tangu kisiginoni, na mama mkwe wangu, Mama Angèle, akiuzunguka kama mtu anayekagua nyayo za mwizi.

"Weye, Mama Glody, ulikanyaga," akasema.

Hapa Likasi, kusini mwa Kongo, neno hilo halihitaji mkia. Kukanyaga ni kukanyaga dawa: mtu kakutegea kitu njiani, nacho kikaingia kwa kisigino. Na aliyekanyaga hana budi kumtaja aliyetega.

Jina lilikwisha kupikwa, lilingoja kupakuliwa tu. Mama Gertrude, mjane aliyepanga chumba cha uani kwetu, ndiye aliyefagia njia yetu kila alfajiri. Na siku nilipoanguka na bidoni, dumu la maji, kichwani, nilianguka palepale alipotoka kufagia. Hakuna aliyekumbuka kwamba tangu nimzae Glody nilikuwa nikibeba bidoni hizo na mtoto mgongoni, kwa kuwa bomba la mtaa wetu wa Kikula hukohoa hewa tu. Wala hakuna aliyetaja kwamba shemeji yangu Willy alikuwa anataka kuoa, na kwamba chumba cha uani kina dirisha zuri.

"Jumapili ya mwisho wa mwezi Ndugu Bertin anakuja na kikundi chake cha maombi," Mama Angèle akaendelea. "Utamtaja mbele yao. Ukimtaja anahama, na muguu unapona."

Kuna saa maumivu yaliponichoma kutoka kiunoni, yakapita pajani hadi kwenye kifundo kama waya wa moto, nikaona jina la mtu ni kitu chepesi sana kutema. Uchungu hupenda kuwa na mwenyewe. Lakini Glody alijifunza kucheka mikononi mwa Mama Gertrude. Ningemtoaje mwanangu kicheko kinywani ili nipate mguu?

Arsène, mume wangu, akaniweka juu ya baiskeli, akaisukuma polepole hadi Panda, mtaa wa pili, kwa Émilienne. Huyu ni kine, yaani mtaalamu wa kunyoosha viungo, na juu ya hayo alijifunza sindano za Kichina. Alinilaza, akauinua mguu wangu, akagonga goti kwa nyundo ndogo, akanichomachoma vidole akiuliza, "Hapa unasikia? Na hapa?"

"Wanasema nilikanyaga," nikamwambia.

"Ulikanyaga udongo, kama sisi wote." Akacheka hadi koti lake jeupe likatikisika. "Mama, muguu hauna kosa. Muguu unalia tu; aliyepigwa yuko mgongoni."

Akanieleza kwamba kati ya mifupa ya uti wa mgongo kuna visahani laini, na kimoja changu kimetokeza na kuubana mshipa wa fahamu ushukao hadi unyayoni. Kisha akatoa sindano. Zilikuwa nyembamba kama nywele za mtoto mchanga, na ndani hazikuwa na kitu. Hilo lilinishinda: kwetu sindano bila dawa ni sahani bila bukari, ugali wetu. Akazichomeka kiunoni, nyuma ya goti, karibu na kifundo. Nikasikia uzito, kama mtu anayevuta uzi ndani ya nyama, kisha joto, kisha kimya.

"Hizi zinapunguza kelele," akasema. "Kazi yenyewe ni yako." Akanifundisha kulala kifudifudi, viganja chini, nikiinua kifua kama mjusi anayeota jua huku kiuno kikibaki sakafuni. "Rudia kutwa nzima. Na unisikilize vizuri: maumivu yakitoka mguuni yakakusanyika kiunoni, usiogope. Yanarudi kwao."

Yakarudi, pole kwa pole. Asubuhi moja nikasikia baridi ya saruji chini ya kisigino, nikalia kama mtu aliyepokea mgeni kutoka mbali. Baadaye shavu la mguu likafunguka, kisha paja. Kwa furaha nikamwambia Mama Angèle tukiosha vyombo, "Mama, mguu umepona! Sasa maumivu yamebaki kiunoni tu."

Sahani ikamponyoka.

"Dawa inapanda!" akapiga yowe. "Ilikuwa kisiginoni, sasa iko kiunoni! Kesho tumbo, kesho kutwa moyo! Umeenda Panda, nayo imepanda!"

Majirani upande wa pili wa ukuta wakacheka kwa utamu wa maneno hayo, na kufikia jua kutua yalikuwa yamezunguka mtaa mzima. Mimi sikucheka. Habari njema yangu ilikuwa imegeuka kamba ya kumfunga mtu mwingine. Kesho yake Mama Gertrude hakufagia. Majani yakalala njiani, na hakuna aliyethubutu kuyagusa.

Jumapili ikafika. Baba mkwe, Papa Mathieu, alikaa kwenye kiti chake cha mkono. Wanamaombi wakapanga mabenchi. Mama Gertrude akaamriwa asimame nje ya mlango angoje jina lake. Ndugu Bertin akaweka Biblia kifuani.

"Mutoto wetu, usiogope. Taja."

"Sikukanyaga."

"Kwa nini basi inapanda?"

"Haipandi. Inarudi kwao."

"Kwao wapi?"

Nikaanza kueleza visahani na mshipa, lakini Mama Angèle akanikata: "Shule ya jioni hiyo anayoenda! Inamufundisha kujibu wakubwa."

Kwetu, familia zilizotoka Kasai, mke wa mwana hanyooshi hata miguu mbele ya baba mkwe. Nikavua kitenge cha juu, nikakitandika katikati ya sebule, nikalala kifudifudi.

"Eh! Mbele ya baba mkwe!" Mama Angèle akaruka. "Arsène, muinue bibi yako!"

Arsène akaangalia mikono yake, nayo haikusogea.

Nikainua kifua. Nikashuka. Nikainua tena. "Tazameni mguu," nikasema, "hauna kitu. Tazameni mgongo. Mnataka jina? Aliyeniumiza anaitwa Bidoni. Yuko jikoni, amejaa maji. Mfukuzeni huyo."

Mtu mmoja kwenye benchi la nyuma akaguna, au alicheka. Kicheko kikakatwa na kikohozi. Papa Mathieu, ambaye miaka ya kubeba magunia kiwandani ilimwachia mgongo uliopinda kama upinde, akasogeza kiti chake. Sikujua kama alinikwepa au alitaka kuona vizuri.

"Inatosha, mwanangu. Inuka."

"Bado, Papa. Sijamaliza."

Kutoka pale chini niliona viatu tu: vya wanamaombi vilivyong'arishwa, ndala za mama mkwe zikipigapiga sakafu, na miguu midogo ya Glody ikija mbio mbio kunipanda, akidhani mama anacheza. Kisha mlangoni nikaona nyayo mbili zilizopasuka, zimevuliwa ndala. Zilisimama kwenye kizingiti. Zikavuka.

Mama Gertrude akamdaka mtoto kabla hajanifikia, akaketi sakafuni kando ya kichwa changu, akampakata. Hakuna aliyemwambia aingie. Nikasikiliza kama kuna atakayemwambia atoke.

Nikashusha kifua, nikavuta pumzi, nikainuka tena.