Nyumba ya Jean-de-Dieu Majini

Godelive hakuwa na ugomvi na samaki, mradi wawe wamekaangwa. Samaki wa kutazamwa tu, wanaolishwa na wasioliwa, wanaobadilishiwa maji kama wafalme wakati binadamu wa Butembo, huku mashariki mwa Kongo, wanasukumana kwenye chemchemi na madumu yao, hao aliwaona ni mzaha wa watu walioshiba. Kwa hiyo siku mumewe, Maliro, aliposhuka kwenye lori la Beni akiwa amekumbatia sanduku la kioo lenye maji nusu na samaki watatu wekundu, hakusema karibu. Alimuuliza mkate uko wapi.

Mkate alikuwa ameusahau. Ndivyo alivyokuwa Maliro. Kazi yake ilikuwa Kasindi, mpakani, kutoa mizigo ya watu forodhani, na mmoja wa wateja wake alikuwa Ananie, msimamizi wa hoteli moja huko mtaa wa Ruwenzori, Beni. Vita ya pili ilipopamba moto, askari wa uasi waliingia hotelini, wakalala vitandani kwa viatu, wakavunja na mapambo ya ndani ya sanduku la samaki kwa kucheza tu. Ananie akakimbilia Uganda. Kabla ya kupanda gari alimpa Maliro lile sanduku akamwomba amtunzie mpaka amani irudi. Mwingine angecheka. Maliro, ambaye neno hapana lilimshinda tangu utoto, akalibeba mapajani njia nzima mpaka Butembo.

Sasa samaki hao walikaa sebuleni, ndani ya kioo kitupu, bila jiwe wala jani la kujisitiri. Mlango ukigongwa walijirusha. Pikipiki ikipita walijirusha. Maliro akaanza kuwatafutia makao. Alitia kipande cha tofali la tanuri, na kufikia jioni maji yalikuwa mekundu kama chai ya rangi. Alitia kopo la maziwa alilolipaka rangi nzuri ya kijani. Rangi ikabanduka, na Jumapili walipotoka misa walimkuta samaki mmoja anaelea tumbo juu. Wakabaki wawili, mkubwa na mdogo, na mkubwa hakuwa na kazi nyingine ila kumfukuza mdogo kutoka kona hii hadi ile, hata mkia wa maskini ukachanika.

Ndipo Maliro alipoinua macho juu ya kabati.

Juu ya kabati palikuwa na nyumba. Ilijengwa kwa tofali ndogo za plastiki za kuchezea, zile zinazobanana zenyewe bila udongo: nyekundu, njano, buluu na nyeupe. Ilikuwa ya ghorofa, kama za matajiri wa Butembo, ina madirisha na mlango mpana, ila paa lilikuwa nusu. Aliyeijenga ni mtoto wao wa pekee, Jean-de-Dieu. Mwaka ule wa vita ya kwanza, askari walipopita wakielekea Kisangani na watoto wa mji wakawafuata nyuma wakiimba, naye aliwafuata. Alikuwa na miaka kumi na mitatu. Aliacha paa nusu na tofali zilizobaki ndani ya kopo la biskuti. Huu ulikuwa mwaka wa nne. Hakuna aliyemwona hai, na hakuna aliyemwona maiti.

"Mama Jean," alisema Maliro polepole, "ile nyumba ya mutoto iko plastique. Hawakuipaka rangi juu, rangi iko mule ndani yake. Unakumbuka alikuwa anaoga na zile tofali mu bassin? Maji ilikuwa inabakia safi. Haiozi, haina kutu. Tuioshe tu muzuri, tuwawekee hawa samaki."

"Tuioshe?"

"Vumbi iko mingi. Mais lakini bila sabuni, sabuni inaua samaki."

Godelive alisimama kwa nguvu hadi kiti kikaanguka. "Ile nyumba hakuna mutu ataiosha. Mutoto yangu hayakufa!"

Maliro hakuwa ametaja kufa. Lakini alielewa papo hapo, akainama, akaokota kiti.

Kwao, mtu akifa, watu hukaa matanga wakiota moto uani, na siku ya kumaliza, vitu vyake hupelekwa mtoni, vikaoshwa, vikaanikwa juani, kisha vikagawanywa. Kuosha vitu vya mtu asiyekuwepo ni kusema hatarudi. Na Godelive alikuwa amepigana vita yake mwenyewe miaka yote hiyo ili neno hilo lisisemwe nyumbani mwake. Adui yake mkubwa alikuwa wifi yake, Kahongya, dada mkubwa wa Maliro, aliyekaa mtaa wa pili. Kahongya hakukosa kila mwezi kuja kuketi na kuguna, na kusema mtoto asiyeliliwa anahangaika huko aliko, bora wakae matanga yaishe. Kila mara Godelive alimpa chai, na kila mara alimwonyesha mlango. Shati la Jean-de-Dieu lilikuwa bado kwenye msumari na jasho lake. Nyumba ya tofali aliifuta vumbi kwa unyoya wa kuku, kavu, bila hata tone la maji.

Maliro hakurudia ombi lake, na samaki mdogo akaendelea kufukuzwa.

Juma lililofuata, mchana kweupe, askari wa kundi moja waligombana na askari wa kundi lingine karibu na soko, na kama kawaida yao ugomvi wao ukawa wa mji mzima. Godelive alikuwa peke yake. Alisikia mlio wa kwanza akalala chini ya meza, uso sakafuni, mikono kichwani. Walipokuwa wanarushiana risasi hivyo aligeuza kichwa, akamwona samaki mdogo.

Alikuwa anajigonga kwenye kioo. Anakwenda huku anagonga, anarudi kule anagonga, mdomo wazi, na hakuna hata kokoto la kujificha nyuma yake. Hata meza hana, aliwaza Godelive. Mimi nina meza. Mara likamjia wazo alilokuwa akilikimbia kwa miaka minne: mwanawe naye alikuwa mdogo, aliwekwa katikati ya milio kama hii, na huenda hapakuwa na mtu wa kumfungulia mlango. Ilimuuma vibaya sana. Alilia pale sakafuni, akamlilia mtoto na samaki pamoja, bila kuwatenganisha.

Kesho yake Maliro alipokwenda chemchemi kutafuta maji, Godelive alipanda kwenye kiti, akaishusha nyumba. Hakwenda nayo mtoni, ng'o! Alipasha maji moto, akayapoza mpaka yakawa ya vuguvugu, akayamimina katika beseni lile lile la bati alilomwogeshea Jean-de-Dieu tangu kitovu hakijakauka. Alijaribu joto kwa kiwiko. Hakubandua tofali hata moja. Alipitisha unyoya madirishani, akasugua pembe kwa kidole, akasuuza mara kadhaa mpaka maji yakatoka kama yalivyoingia. Kisha akaiweka nyumba kwenye ungo, uani, juani, ikauke.

Sasa, uani kwa Godelive kulikuwa na ua wa miti mifupi, na nyuma ya ua huo kulikuwa na macho ya jirani yake Orpa. Orpa alikuwa mwanamke mwema, mwimbaji wa kwaya, na miguu yake ilikuwa myepesi kuliko busara yake. Aliona ungo. Aliona kilichokuwa juu ya ungo, kimelowa, kinang'aa. Alijishika kifua, akatoka mbio.

Godelive hakujua lolote mpaka aliposikia njia nzima inalia. Kahongya alikuwa mbele, kanga imefungwa kiunoni, mzigo wa kuni mgongoni umening'inia kwa kamba ya kipajini, machozi yanamiminika. Nyuma yake wanawake wa mtaa, na Orpa, na mmoja amebeba maharage kwenye sinia.

"Yooo! Jean wetu! Yooo, mutoto ya ndugu yangu!" Kahongya alitua mzigo, akachomoa gogo la kwanza, akalilaza katikati ya uani, mahali pa moto wa matanga.

"Toa ile," alisema Godelive.

"Mama Jean, pole, Mungu atakusaidia..."

"Toa ile mukuni hapa! Nani alikuambia kama mutoto yangu alikufa?"

Kilio kilikatika. Wanawake waliangaliana, kisha wote wakamgeukia Orpa, naye akaanza kutazama vidole vya miguu yake.

"Mais umeosha vitu vyake," alisema Kahongya. "Tumeona. Iko pale inakauka. Umeosha, donc basi umekubali."

Godelive aliliendea beseni, akaliinua kwa mikono miwili, akalisimamisha mbele ya uso wa wifi yake.

"Mama Kahongya, hii bassin unaijua? Ni wewe uliileta siku nilizaa. Jean nilimuosha mu hii bassin kila siku, asubuhi na mangaribi. Na hakuna siku mulileta kuni."

Kahongya alilitazama beseni, sehemu ile iliyobonyea ambayo Jean-de-Dieu aliibonyeza kwa kisigino. Aliketi chini pale pale, juu ya gogo lake mwenyewe.

"Mi nilichoka kungoja," alisema kwa sauti ndogo. "Kila mutu anapita kwa njia naangalia sura yake. Nilichoka, Mama Jean. Nilisema afazali tulie, iishe."

Kumbe adui hakuwa adui. Godelive alitua beseni. Miaka minne alidhani anangoja peke yake, na mwanamke huyu alikuwa akikodolea nyuso za wapita njia mtaa wa pili. Alimshika mkono akamwinua.

"Kuni peleka ku jikoni," alisema. "Na ile maharage pia. Munakuja kwangu, mutakula. Mais uani hapana."

Gogo likaondolewa. Maliro aliporudi na madumu yake alikuta nyumba imejaa wanawake, maharage yanachemka, na mkewe ameshika ghorofa ya plastiki mikononi. Alifungua mdomo. Godelive alimwambia afunge mdomo alete maji.

Waliitumbukiza pamoja. Nyumba ilikataa kuzama, ikaelea kama inayotaka kurudi kabatini. Maliro aliiinamisha kidogo, hewa ikatoka madirishani kwa mapovu, moja moja, kisha ikashuka yenyewe mpaka chini, mlango ukiwatazama waliokuwa sebuleni. Maji hayakubadilika rangi. Samaki mkubwa alikuja kuikagua kama mwenye nyumba za kupangisha. Mdogo alibaki kwenye kona yake, hakusogea.

"Paa haijaisha," alisema Orpa, akitafuta namna ya kujirudisha kundini. "Na tofali ziko mingi mu kopo. Nimalizie?"

"Acha. Mwenye nyumba ataimaliza."

Walikuwa bado wanakula milio ilipoanza tena upande wa soko. Sahani ziliachwa, wote wakalala chini, waliokuja kulilia maiti wakabanana chini ya meza na walio hai, mguu wa huyu kichwani mwa yule, Orpa akiomba kwa Yesu, Maliro ametandaza mikono juu ya yeyote aliyemfikia. Godelive alijikuta uso kwa uso na wifi yake.

Ili apate la kusema, Kahongya alinong'ona, "Ule samaki mudogo iko wapi? Simuoni."

Godelive aliinua shingo kidogo. Kwenye kona hapakuwa na kitu. Akatazama mlangoni pa nyumba, akaona ncha ya mkia uliochanika, mwekundu, imetulia.

"Iko kwa Jean," alisema.