Mzigo wa Treni

Daktari Philémon Kapenda hakuwa mtu mbaya. Tuliseme hilo mapema, maana yeye mwenyewe haliamini tena. Nusu ya maisha yake aliitoa kwa kansa za damu, hasa ile inayovimbisha taya za watoto. Angeweza kubaki Ulaya na kula mkate laini, lakini alirudi Kamina, mji wa reli wa Katanga, kwa sababu watoto wenye taya zile walikuwa huku.

Mwaka 1998, vita vilipowaka tena, Yasmina, mke wa mchuuzi Mwislamu wa Bukama, alimletea mwanawe Swedi. Uvimbe ulikuwa umeshafunga jicho moja. Daktari alifurahi. Ndiyo, alifurahi, mtafiti ana furaha zake ambazo hazisimuliki mbele ya mama wa mtoto.

Dawa alikuwa nayo, chupa ndogo ndani ya kabati la ofisi yake. Ilikuwa dawa kali: sindano moja tu, na uvimbe huanza kuyeyuka kama chumvi ndani ya maji. Taabu ilikuwa hapo hapo. Ukishayeyuka, hakuna tena cha kutafiti. Ilimpasa kwanza akate kipande cha uvimbe, akihifadhi kwenye formoli, na formoli ilikuwa imekwisha. Ya mwisho aliitoa mwenyewe kwa mjane wa kapiteni mmoja, ili maiti ya mumewe isioze wakati ndugu wanasubiriwa kutoka mkoa wa Équateur. Nyingine ilikuwa njiani, ikitoka Lubumbashi.

"Tungojee treni, mama," alimwambia Yasmina. "Iko na muzigo yetu."

"Dawa ya mutoto?"

Daktari akainamia hadubini yake kama aliyeona kitu. Baadaye alijiambia kwamba hakudanganya.

Treni za siku zile zilibeba askari kwanza, raia na mizigo yao baadaye, kama nafasi ilibaki. Kila asubuhi Yasmina alikwenda kuuliza kwenye gare, kituo cha treni, kisha akarudi kuketi kwenye kiti kilichokuwa kando ya kabati, kichwa cha Swedi mapajani.

"Treni haiyakuya, docta."

"Kesho, Mama Swedi."

Ngojangoja huumiza matumbo, wahenga walisema, ila safari hii tumbo lililoumia halikuwa la aliyengojesha. Uvimbe ule haulali, na hilo Kapenda alilijua kuliko mtu yeyote wa njia yote ya reli. Kila jioni alishika ufunguo wa kabati. Kila jioni akawaza kipande kile chini ya hadubini, akawaza jina lake likisomwa mbali, na haki isemwe, akawaza pia watoto wengine ambao utafiti ungewaokoa. Kisha akaurudisha ufunguo mfukoni. Siku Swedi aliposhindwa kumeza hata uji, daktari aliapa: kesho, formoli iwepo isiwepo, atamchoma sindano. Kesho ilimkuta Swedi ameshafunikwa kitenge cha mama yake.

Walimzika siku ileile, kama ilivyo desturi ya Waislamu. Daktari alisimama nyuma ya watu wote, akaona aibu hata kushika udongo.

Treni iliingia kabla matanga hayajaisha. Watu wa gare walikuwa wamekwisha kumzoea Yasmina, wakamkabidhi sanduku. Alilibeba kichwani mpaka ofisini, akalitua mezani.

"Docta, dawa yetu imefika. Kwa Swedi imechelewa, lakini kuko batoto bengine. Ubape bale. Na aksanti. Ulijikaza sana juu yetu."

Asante ile ilimchoma kuliko tusi. Angeweza kuipokea tu, nani angejua? Lakini akalisukuma sanduku kando.

"Mama Swedi, hii haiko dawa. Hii njo formoli, ya kuwekea maiti, na vipande vya nyama tunavyopima. Dawa ya mutoto ilikuwa hapa. Tangu siku ya kwanza."

"Hapa wapi?"

Akaonyesha kabati.

Daktari alitamani sana mama yule apige kelele. Yasmina aliketi kwenye kiti chake cha kila siku. Mkono mmoja akauweka mapajani, pale kichwa cha mtoto kilipokuwa kikilala. Wa pili akaunyoosha kando, bila kuinuka, akagusa mlango wa kabati.