Wati Kumi na Mbili za Shemeji

Mimi ni fundi wa pasi, mabirika na majiko ya umeme, na sipendi kufundishwa kazi. Mume wangu analijua hilo, wateja wanalijua, na shemeji yangu analijua kuliko wote. Huyo ni mdogo wa mume wangu, fundi cherehani, na chumba chake cha kazi kimetenganishwa na changu kwa ukuta wa mbao tu. Nikigonga nyundo analalamika. Akikohoa nasikia.

Na alikuwa akikohoa kweli. Alivuta sigara miaka thelathini, mpaka binti yake, anayeishi mbali, alipojifungua na kumpigia simu.

"Baba, nakuja na mjukuu wako baada ya miezi miwili. Ukikaa miezi hiyo bila sigara, utampakata. Ukivuta hata moja, utamwangalia nikiwa nimembeba mimi."

Huyo ni mtoto wa baba yake, akisema amesema. Siku hiyohiyo shemeji alitia pakiti yake ya mwisho kwenye mfuko wa kifuani wa koti lake la kijivu, akaushona mdomo wa mfuko kwa mkono, kwa uzi mwekundu. Nilimwambia aitupe.

"Nikiitupa, shemeji, nitanunua nyingine na hakuna atakayejua. Hii nikiifumua, koti litasema."

Nilicheka. Wengine huapa kwa Mungu wao, huyu anaapa kwa sindano.

Ili avuke salama alinunua sigara ya umeme. Kidude chenyewe hakina maajabu. Kina betri, kitangi cha maji yenye ladha, na ndani yake koili, yaani waya mdogo uliokumbatia pamba. Pamba inanyonya maji, waya unapata moto, mvuke unatoka. "Hili ni birika tu," nilimwambia, "ila wewe unanyonya mdomo wake." Alikuwa akienda kukivutia uani, peke yake, na kwa karibu wiki nane kilimtosha. Kikohozi cha asubuhi kilikoma. Akaanza na kuimba, na hapo nikatamani kikohozi kirudi, maana sauti yake Mwenyezi Mungu aliigawa akiwa na haraka.

Jumatatu, siku tano kabla ya mgeni kufika, koili yake ilichoka. Dukani hawakuwa na ile aliyoizoea, akapewa kipakiti cha koili tano za aina nyingine. Baada ya nusu saa alikuwa mlangoni kwangu, ameshika koo.

"Shemeji, hiki kidude kimeniharibikia. Nahisi navuta godoro linaloungua."

Nikakishika, nikaangalia kioo chake. Wati thelathini na tano, kama siku zote. Koili ya zamani ilikuwa na ukinzani wa omu sifuri nukta nne, hii mpya moja nukta mbili. Nikatabasamu kama mtu aliyeulizwa jina lake.

"Ukinzani ndio unaouzuia umeme kupita," nikamwambia. "Huu wa sasa ni mara tatu ya ule. Umeme unapita kidogo, moto unakuwa mdogo, maji hayaivi. Tuongeze nguvu."

Nikampandishia hadi arobaini na tano. Akavuta, akakohoa mpaka machozi yakamtoka. Nikasema koili hiyo ni mbovu tangu kiwandani. Nikamwekea nyingine na kupandisha hadi hamsini, maana mtu akishakosea kwa kujiamini huongeza kujiamini. Kufikia Jumatano tulikuwa tumeunguza tatu, na shemeji alikuwa haimbi tena.

Alhamisi mchana cherehani yake ilinyamaza. Fundi cherehani kunyamaza saa za kazi si jambo la heri, nikazunguka kwenda kumwangalia. Alikuwa amepakata lile koti, na mkononi ana wembe. Mishono mitatu ya uzi mwekundu ilikuwa imeshakatwa.

"Moja tu," alisema bila kunitazama. "Nusu yake. Siwezi tena, shemeji."

Nilitaka kumpokonya ule wembe, lakini nilijua aliyemfikisha pale si sigara. Ni mimi na hamsini zangu.

Bahati yake, au yangu, mteja mmoja akabisha hodi. Alikuwa amefuata blauzi yake ya hariri. Kazi ni kazi. Shemeji aliweka wembe chini, akainuka kwenda kwenye pasi, ambayo bado ilikuwa na moto wa kunyoosha suruali za jinzi. Akazungusha kitufe kurudi nyuma, akasubiri ipoe, akanyunyiza maji, akajaribu kwanza kwenye kipande cha kitambaa.

"Mbona umepunguza moto?" nikauliza, nikijifanya nauliza tu.

"Hariri hii. Ukiipa moto wa jinzi, unamrudishia mwenyewe tundu."

Niliondoka bila kuaga. Mezani kwangu nilipasua ile koili ya zamani kwa koleo, nikapasua na moja ya mpya. Ya zamani waya wake ulikuwa mnene. Wa ile mpya ulikuwa mwembamba kama unywele, na pamba yake nyeusi tii. Kisha nikavaa miwani, ambayo huwa siivai mbele ya watu, nikasoma ubavuni mwa koili herufi ndogo kama sisimizi: wati 10 hadi 14.

Nilikuwa nimeula wa chuya. Pasi na majiko yangu yanapokea volti zilezile za ukutani, na huko ukinzani ukipanda, moto unashuka. Lakini kidude hiki hakingoji cha kupewa. Ukikiagiza wati hamsini, kinaupima ukinzani wa koili na kupandisha volti zake chenyewe mpaka hamsini zitimie. Zilikuwa zinatimia zote, juu ya unywele.

Nilirudi mbio. Mteja alikuwa ameondoka na shemeji ameushika wembe tena.

"Shemeji, aliyekuunguza ni mimi," nikasema. "Ulivaa hariri, nikakupiga pasi ya jinzi."

Wembe ulimponyoka. Tumekaa ukuta kwa ukuta miaka ishirini, na hakuwahi kunisikia nikikiri kosa.

Nikafunga koili ya nne. Nikadondoshea yale maji ya ladha kwenye pamba, tukakaa dakika kumi inyonye, yeye akiitazama saa kama mgonjwa anayesubiri kuitwa. Nikaweka wati kumi na mbili. Tukatoka uani. Akavuta, nami nikasubiri kikohozi, hakikuja. Mvuke ulikuwa kidogo, mwepesi.

"Kumi na mbili tu?" akauliza.

"Kumi na mbili tu."

"Na wewe ulikuwa unanipa hamsini. Ulitaka mirathi gani, shemeji?"

Tulicheka mpaka tukashikilia ukuta. Baadaye alichukua sindano na uzi mwekundu airudishe ile mishono mitatu. Akatia uzi, akaliangalia koti, akairudisha sindano kwenye kikopo.

Jumamosi binti alifika, mtoto mgongoni. Kidude kilibaki kwangu, maana alikuwa ameshasema mvuke nao hauingii alipo mtoto. Alimkagua baba yake, akanusa vidole, masharubu na kola. Alipomkumbatia, kiganja chake kikagusa pakiti kifuani.

"Baba. Hii ni nini?"

Shemeji alivua koti, akampa. Binti huyu alikulia chini ya meza ya kukatia nguo, mishono anaisoma kama sisi tunavyosoma barua. Alipitisha ukucha juu ya ule uzi mwekundu taratibu, mpaka kwenye mitatu iliyokatwa.

"Ulifika hapa."

"Nilifika hapo."

"Nani alikurudisha?"

Angeweza kusema ni yeye, au mjukuu, na ingependeza. Alininyooshea kidevu. "Mama yako mkubwa alivaa miwani."

Binti alinitazama, nikatazama dirishani. Kisha akalilaza koti kwenye kiti, akamfungua mtoto mgongoni, akampa baba yake. Shemeji alimpokea kwa mikono miwili, taratibu kama anavyoishika hariri. Akaanza kumwimbia, kwa sauti yake ileile, na safari hii hakuna aliyemwambia anyamaze.